Mlimani Nani Husema "Mimi"?

Mwenye kutaka kuandika maisha hukutana na mlango wa aibu kabla hajaufikia mlango wa sanaa. Yapo anayoyakumbuka vyema lakini hathubutu kuyataja, maadamu wazazi, ndugu na majirani watasoma. Jinsi anavyoipita aibu hiyo ndiyo huamua kama ataandika tawasifu, riwaya, au kitabu kisicho na mtu ndani yake. Miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, imetoa vitabu viwili vinavyolidhihirisha jambo hilo.

Cha kwanza ni *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Petro Itosi Marealle, mangi wa Marangu, na kuchapishwa mwaka 1947. Jina lenyewe ni ahadi kubwa: maisha, tena hadi ng'ambo ya kaburi. Msomaji wa pwani anayekifungua kwa matarajio ya kumkuta Marealle hamkuti. Anamkuta "Mchagga", mtu wa mila, anayeishi na kufa kama ilivyopasa. Kitabu hicho ni hazina, na ni ushahidi kwamba lugha ya mwambao ilikwishapanda mlimani na kubeba mambo mazito. Hata hivyo, Mchagga huyo hana kosa lake mwenyewe, wala usiku aliolia peke yake. Kumbukumbu ya wote imemfunika mmoja.

Cha pili ni *Parched Earth*, riwaya ya Elieshi Lema, mzaliwa wa mlima huo huo, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2001 na kutajwa kwa heshima katika Tuzo ya Noma. Humo mtu yupo. Doreen, mwalimu na mke wa Zima, anasimulia kwa kinywa chake utoto wake, mama yake, na ndoa inayokauka kama ardhi ya jina la kitabu. Pahala pengine anayafafanua mno machungu yake, kana kwamba msomaji hataelewa akiachiwa kimya. Lakini anathubutu. Kwa kuwa ni mtu wa kubuni, hana shangazi wa kumkemea, wala jirani wa kumnyooshea kidole. Ubunifu umempa ulimi ambao tawasifu ingeuzuia.

Tatizo ni kwamba Doreen anasema kwa Kiingereza. Katika vitabu hivi viwili, Kiswahili kimekabidhiwa mila, na siri za moyo zimepelekwa kwa lugha ya mbali. Si kwamba Kiswahili hakiwezi. Shaaban Robert, katika *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, alisema "mimi" kwa lugha hii, akaomboleza kifo cha mkewe Amina, akachanganya nathari na utenzi bila ya kuomba ruhusa. Lakini hata yeye mara nyingi huja mbele ya msomaji amevaa kanzu iliyopigwa pasi: tunamwona mwadilifu kila aendapo, na kwa nadra tunamwona akikosea.

Hapo ndipo mwandishi wa leo, wa mlimani au wa visiwani, ana jambo la kujifunza kutoka Uchaggani kwenyewe. Kule mwenye kuomba radhi hupeleka jani la sale, na aliyepelekewa huona vigumu kulikataa. Tawasifu njema huanza vivyo hivyo: mwandishi huja na jani mkononi, akakiri kosa lake kwanza, ndipo adai kusikilizwa. Asianze na "Mchagga" wala "Mswahili". Aanze na mfongo mmoja wa maji uliogombewa, na kihamba kimoja kilichogawanywa, na yeye mwenyewe aliyenyamaza wakati nduguye akidhulumiwa. Akiweza kuyasema hayo kwa jina lake, ameandika tawasifu. Akishindwa, na awape watu majina mengine, aandike riwaya, si dhambi. Dhambi ni kujificha nyuma ya mila na kuliita pazia hilo maisha.