Kisigino cha Mwanaume

Watu wa Mpanda tuna hukumu ya haraka juu ya mwanaume aliyevaa kiatu chenye kisigino kirefu. Hukumu yenyewe haichukui hata dakika moja. Mtu hutazamwa miguuni, kisha usoni, kisha miguuni tena, halafu kicheko. Kama ni sokoni, kicheko hupokewa na wauza nyanya, wakakipeleka kwa waendesha bodaboda, nao wakakifikisha stendi kabla mwenye viatu hajafika. Baada ya kicheko ndipo hoja hufuata, na mara nyingi huwa tatu: kwamba jambo hilo ni la kike, kwamba si la kwetu, na kwamba ni dalili ya kijana aliyepotea. Nimezisikia hoja hizi kwa miaka mingi, barazani, misibani, na ndani ya gari moshi la Kaliua. Ningependa kuzipima hapa moja baada ya nyingine, kama mhakiki apimavyo kitabu, kwa sababu nionavyo mimi hukumu hii ina mambo mazito kuliko viatu.

Tuanze na lugha, maana lugha mara nyingine hujua kuliko wasemaji wake. Kiatu cha kisigino kirefu tunakiita mchuchumio. Kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole ili kufikia au kuona kitu kilicho juu. Mtoto huchuchumia achukue sukari iliyofichwa kabatini. Mtu mfupi huchuchumia katika mkutano wa hadhara ili amwone mgeni rasmi. Ndani ya neno hilo hamna mwanaume wala mwanamke. Mna mtu anayetaka kufika mahali ambapo urefu wake haumfikishi. Ndugu msomaji, naomba ulikumbuke neno hilo, kwani nitalirudia.

Hoja ya kwanza, kwamba kisigino ni cha kike, ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Kisigino kirefu kilijulikana kwanza kwa wanaume, tena wanaume wa vita. Wapanda farasi wa Uajemi walikivaa ili mguu usichomoke kwenye kikuku cha tandiko, na mpiganaji aweze kusimama juu ya farasi akavuta upinde. Kutoka Uajemi kikaingia Ulaya mnamo mwaka 1600 hivi, na wakubwa wa huko wakakipokea kama alama ya ushujaa na cheo. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alivaa visigino vyekundu, na picha yake mashuhuri iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701 inamwonyesha mzee wa miaka 63 aliyesimama huku akitanguliza mguu, ili mtazamaji asikose kukiona kiatu. Wanawake walikichukua kisigino kutoka kwa wanaume. Katika karne ya 18 wanaume wa Ulaya wakakiacha, wakaanza kusema kwamba ni upuuzi wa kike. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba alihama, kisha akamcheka mpangaji aliyebaki ndani.

Hata hivyo hakuhama kabisa. Tazama buti la kauboi wa Marekani: kisigino chake kimeinuka na kuchongwa kwa sababu ile ile ya Mwajemi, yaani farasi. Kijana akipita mjini Mpanda na buti la namna hiyo, kisigino cha sentimita 4 au zaidi, hakuna anayemcheka. Tunasema amependeza, tunasema ni mwanaume shupavu. Kumbe macho yetu hayapimi urefu wa kisigino. Yanapima wembamba wake, rangi yake, na filamu tulizotazama. Hukumu inayobadilika kwa sababu ya unene wa kipande cha mti haistahili kuitwa hukumu ya maadili.

Hoja ya pili ni kwamba viatu hivi si vya kwetu. Hapa huletwa methali ya "mwacha mila ni mtumwa", na mazungumzo hukatika, maana nani anataka kuitwa mtumwa? Lakini sisi watu wa Mpanda inafaa tuulizane: kwetu ni wapi? Mji wetu ulikuzwa na mgodi wa madini ya risasi uliofanya kazi miaka ya 1950, na reli iliyochepushwa kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi huo. Hapa wapo Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, na wapo Wafipa, Waha, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Wapo waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakalima mashamba ya Katumba na Mishamo, na kuanzia mwaka 2014 maelfu yao wakapewa hati za uraia wa Tanzania. Mkoa wenyewe wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 tu, ukimegwa kutoka Rukwa. Mila gani moja ya kiatu itatolewa na watu hawa wote? Kama tunatafuta kilicho chetu tupu, basi twende pekupeku. Kaptura ni ya mgeni, tai ni ya mgeni, na katambuga tunazojivunia zimekatwa kutoka tairi la gari la mgeni.

Tena si kweli kwamba Waswahili hawakuwa na kiatu cha kumwinua mtu. Pwani kulikuwa na mtalawanda, kiatu cha mti chenye kishikizo cha kubanwa kwa vidole, kilichomwinua mvaaji juu ya maji na uchafu. Kilivaliwa na wake kwa waume. Jambo la kuzingatia zaidi ni nani hakuruhusiwa kuvaa. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mtumwa hakutakiwa kuvaa viatu. Miguu mitupu ilikuwa alama ya hali yake, kama vile kichwa kitupu. Utumwa ulipokwisha, wengi walikimbilia kofia, kanzu na viatu, na waungwana wakanung'unika kwamba watu wamesahau nafasi zao. Basi ile methali tunayoitumia kumvua kijana viatu inatukumbusha jambo ambalo hatukulitarajia: kwamba hapa kwetu, kumpangia mtu cha kuvaa miguuni ilikuwa kazi ya bwana.

Hapo ndipo tunapoifikia hoja ya tatu, ya kijana aliyepotea, nayo ndiyo yenye uzito. Wasomaji wa rika la wazazi wangu watanielewa nikitaja raizoni. Katika miaka ya 1970 vijana wa Tanzania na Kenya walivaa suruali za bugaluu, pana chini kama kengele, na chini yake viatu vya raizoni vyenye soli nene na kisigino cha kumwinua mtu inchi kadhaa. Hawakuwa wanawake. Walikuwa makarani, wapiga gitaa, walimu wapya, na vijana wa kawaida waliouza mazao yao. Fungua albamu ya picha katika nyumba nyingi na utawakuta: pazia la studio nyuma, mkono kiunoni, mguu mmoja umetangulizwa ili kiatu kionekane. Mkao ule ule wa mfalme wa Ufaransa, na sidhani kama yupo aliyewafundisha.

Vijana wale walikuja baada ya onyo kali. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana. Hata kabla ya tarehe hiyo, wanawake walivamiwa Kariakoo, Dar es Salaam, na wengine wakachaniwa nguo. Waliofanya hivyo walisema wanalinda utamaduni na heshima. Nchi ilikuwa changa, ilitaka vijana washike jembe, na woga wa kasumba ya kikoloni haukuwa wa kipuuzi. Sitaki kuwacheka wazee wale kama wanavyochekwa wenye viatu. Lakini tuipime operesheni kwa matunda yake: suruali ya kubana ilipopigwa marufuku, iliyofuata ilikuwa pana kupita kiasi, na chini yake kisigino. Mavazi hayaagizwi kwa tangazo.

Raizoni yenyewe ilikuwa na kasoro zake, na mhakiki wa haki lazima aziseme. Ilikuwa nzito. Iliteguza vifundo vya miguu. Katika tope la masika ya Mpanda ilizama, na katika mchanga wa kiangazi ilimfanya kijana atembee kama kuku aliyefungwa kamba. Ilikula fedha ambazo zingenunua mbolea. Hizo ni lawama halali, kwa sababu zinahusu kiatu na mahali pake. Mwishowe fasheni ilipita yenyewe, kama zipitavyo zote, na ugumu wa maisha wa mwishoni mwa miaka ya 1970 haukuacha fedha za mapambo. Serikali ilijenga kiwanda kikubwa cha viatu Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kitengeneze jozi milioni 4 kwa mwaka. Hakikufikia hata sehemu ndogo ya lengo hilo, kikafa. Ilipofika mitumba, kila mtu alichagua miguuni pake alichokipata kwenye rundo.

Leo wale vijana wa raizoni ni babu. Wana wajukuu, ni wazee wa kanisa na wa msikiti, na hakuna aliyepotea kwa sababu ya soli. Ndio hao hao ambao baadhi yao huongoza kicheko mjukuu wa mtu anapopita na kisigino. Ukiwaonyesha picha, hujibu kwamba enzi zao ilikuwa tofauti. Tofauti ipi? Nadhani mzee anayejibu hivyo anasema kweli kuhusu jambo moja: enzi zake yeye ndiye aliyekuwa anachuchumia. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana sana, kuchuchumaa na kuchuchumia. Wakubwa wa kila zama hupenda vijana wachuchumae, na vijana wa kila zama huchuchumia. Kisigino huwaudhi watu si kwa sababu kinamfanya mwanaume awe mwanamke, bali kwa sababu kinamwonyesha mtu wa chini akijiongezea urefu bila kuomba ruhusa.

Kuna ushahidi mwingine, nao tunauona kwenye televisheni. Mchekeshaji wa kiume akivaa gauni na mchuchumio, ukumbi mzima hupiga makofi, na bibi zetu hucheka hadi machozi. Mchekeshaji yule akitoka nje na viatu vile vile bila kuchekesha, yuko hatarini. Kwa hiyo tunachokataa si kisigino kwenye mguu wa mwanaume. Tunakikubali mradi mvaaji ajidhalilishe. Tunachokataa ni kukivaa kwa heshima.

Najua mzazi atasema: maneno yako mazuri, lakini mwanangu anatafuta kazi, anatafuta mchumba, na dunia haisomi insha zako. Ninamheshimu mzazi huyo. Mara nyingi anayemwambia mwanawe avue viatu hamwogopi mwanawe, anawaogopa watazamaji. Anajua kwamba kicheko cha sokoni jioni kinaweza kuwa jiwe. Basi kama hofu ni ya watazamaji, tuwakemee watazamaji. Tumezoea kumwambia anayezomewa abadilike ili wazomeaji wapate kutulia, na hivyo ndivyo walivyoambiwa wale wanawake wa Kariakoo.

Mhakiki wa haki angeuliza mambo mengine. Je, kiatu kinamtosha? Anakimudu, au anayumba? Kinafaa anakokwenda, ofisini, harusini au shambani? Na kama tunataka kusema juu ya madhara, tuyaseme yote: kisigino kirefu hukaza mshipa wa nyuma ya mguu, hubana vidole, huchosha magoti. Hayo huwapata zaidi dada zetu, ambao katika kazi nyingine hutarajiwa kuvivaa kuanzia asubuhi hadi jioni, na hakuna anayewahurumia. Ajabu yetu ni kwamba kiatu kinachomuumiza mwanamke tunakiita adabu, na kiatu hicho hicho kikimfurahisha mwanaume tunakiita aibu.

Simshauri kijana yeyote avae mchuchumio. Barabara zetu nyingi bado ni za vumbi, na mimi mwenyewe napenda kiatu bapa. Lakini anayevaa hajamwibia mtu, hajamtukana mzee, hajavunja kikombe cha mtu. Akipita, kama viatu vimempendeza, tuseme. Kama havikumpendeza, tunyamaze kama tunavyomnyamazia mwenye suti isiyomkaa vizuri. Aachwe apite salama hadi aendako, hilo ndilo dogo analotudai.