Nguvu Ipo, Kasi Je? Mkuki wa Yego na Somo kwa Vijana wa Dumila

Kijana anayepakia magunia ya mahindi pale Dumila, kwenye njia panda ya Kilosa katika barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma, anafanya kazi kubwa kuliko ile ambayo bingwa wa dunia anaifanya kwenye mkuki wake. Tupige hesabu. Gunia la kilo 100 likipandishwa mita 1.3 hadi kwenye bodi la lori linameza nishati ya jouli 1,270 hivi. Mkuki wa wanaume una gramu 800. Ukitoka mkononi kwa mita 30 kwa sekunde, kasi inayoufikisha kwenye mita 90, unakuwa umebeba jouli 360 tu. Mpakiaji kamzidi bingwa zaidi ya mara tatu.

Sasa angalia saa. Gunia limepanda kwa sekunde mbili. Mkuki umepata karibu nishati yake yote tangu mguu wa mbele ugonge chini hadi vidole viuachie, na kipindi hicho kwa warushaji wakubwa hakizidi sana sehemu 12 za mia za sekunde. Kwa hesabu hiyo mpakiaji anatoa wati zisizofika 700, na mrushaji anakaribia wati 3,000. Tofauti yao haiko kwenye wingi wa nguvu. Iko kwenye muda ambao nguvu hiyo inachukua kutokea. Mazoezi yote ya nguvu kwa mchezo wa kurusha, uwe mkuki, mpira wa mikono au polo ya majini, yanajibu swali moja: nguvu uliyonayo utaitoaje kabla muda haujaisha?

Namba za Yego

Afrika Mashariki tunao mfano wa kuchambua. Julius Yego alizaliwa mwaka 1989 katika kaunti ya Nandi, Kenya, nchi ambayo jina lake riadhani lilijengwa na wakimbiaji. Hakuwa na kocha wa mkuki, akajifunza kwa kutazama kwenye YouTube mirusho ya Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki na Andreas Thorkildsen wa Norway. Mwaka 2011 alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Maputo kwa mita 78.34. Baada ya hapo alipata ufadhili wa kwenda kituo cha mazoezi cha Kuortane, Finland, akawa chini ya kocha Petteri Piironen.

Mwaka 2012 akafika fainali ya Olimpiki ya London. Mwaka 2013 mjini Moscow akawa wa nne duniani kwa mita 85.40. Mwaka 2014 akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow, na Juni 2015 akapiga mita 91.39 mjini Birmingham. Tarehe 26 Agosti 2015, mjini Beijing, mrusho wake wa tatu ulitua mita 92.72. Akawa bingwa wa dunia, na wakati huo ni wanaume wawili tu katika historia ya mkuki wa sasa, ule wa tangu 1986, waliokuwa wamefika mbali zaidi yake.

Kutoka Maputo hadi Beijing umbali wake uliongezeka kwa asilimia 18. Usidhani kasi nayo iliongezeka hivyo. Umbali wa kitu kilichorushwa hukua, kwa makadirio, kwa mraba wa kasi yake: ukiongeza kasi kwa asilimia moja, unapata umbali wa asilimia mbili hivi. Tukiweka kando upepo na pembe, miaka minne ile ilimwongezea Yego kasi ya asilimia tisa. Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyomtenganisha bingwa wa bara na bingwa wa dunia. Kijana anayetegemea kuongeza kasi kwa theluthi moja ndani ya mwezi mmoja anajidanganya.

Kasi inatoka chini

Itazame video ya Beijing polepole. Yego ana urefu wa sentimita 175, mfupi kwa mchezo ambao mkono mrefu ni mtaji. Anakuja kwa mbio, anageuza ubavu, anapiga hatua za kukatiza miguu, mkuki ukiwa nyuma kabisa na mkono umenyooka. Kisha mguu wa kushoto unatua mbele ukiwa umekakamaa. Huo ndio mguu wa breki.

Goti la mguu huo likikataa kukunjika, nusu ya chini ya mwili inasimama ghafla na nusu ya juu inaendelea kwenda. Nyonga inageuka kwanza, kifua kinafuata, bega linavutwa, kiwiko kinapita, kiganja kinamalizia. Kila kiungo kinapofunga breki, kasi inahamia kwenye kiungo cha mbele yake, ambacho ni chepesi zaidi na hivyo kinakwenda haraka zaidi. Misuli ya kifua na bega, kwa kuwa ilivutwa kabla ya kubana, hurudi kwa nguvu kubwa kuliko ambavyo ingetoa ikianza kubana bila kuvutwa. Mkono ni wa mwisho kwenye foleni na unapokea zaidi ya unavyotoa.

Goti likilegea, mnyororo umekatika. Mrushaji atajaribu kufidia kwa bega, na hapo ndipo kiwiko na bega huanza kuuma. Yego mwenyewe huanguka kifudifudi baada ya kuachia, kwa sababu analeta mbio nyingi kwenye breki. Anguko hilo lina gharama: lazima afunge breki mapema ili aangukie nyuma ya mstari, na nafasi anayoiacha haihesabiwi, kwani kipimo huanzia kwenye mstari. Ameona kasi anayoipata inalipa zaidi ya sentimita anazozipoteza.

Ushahidi wa majini

Anayetilia shaka kwamba kasi inatoka ardhini autazame mchezo ambao hauna ardhi. Katika polo ya majini mchezaji asiye kipa haruhusiwi kujisukuma kwa sakafu ya bwawa. Mpira wake una gramu 400 hadi 450, karibu nusu ya uzito wa mkuki. Mtu angetegemea uende kasi zaidi, lakini shuti kali la wanaume wa kiwango cha juu huwa la mita 20 na ushee kwa sekunde. Kwa mita 20 mpira huo hubeba jouli zisizozidi 90, robo ya zile za mkuki. Ni kweli mpira ni mnene na haushikiki kama mkuki, ila sababu kubwa ni kwamba maji hayatoi mguu wa breki.

Wachezaji wa polo hufidia kwa miguu. Huizungusha kwa zamu chini ya maji, wakijiinua hadi kiuno kitokeze, na maji wanayoyasukuma ndiyo huwa ardhi yao ya muda. Ndiyo maana programu zao nzuri haziishii kwenye kulala benchi na kusukuma chuma. Zina kuchuchumaa na uzito, kuruka, kuzungusha kiwiliwili na kurusha mipira mizito, pamoja na kazi ya kuilinda ile misuli midogo ya nyuma ya bega inayousimamisha mkono baada ya kila shuti. Mchezo huo haujaota mizizi kwetu, lakini jibu lake linaufaa mkuki na mpira wa mikono vilevile.

Ngazi tatu

Ngazi ya kwanza ni nguvu yenyewe: kuchuchumaa na uzito mabegani, kuinua uzito kutoka chini, kujivuta kwenye bomba. Nguvu hii huchukua zaidi ya theluthi ya sekunde kufika kileleni, kwa hiyo peke yake haitoshi. Hata hivyo bila hiyo hakuna cha kuharakisha.

Ngazi ya pili ni kuigeuza nguvu kuwa kasi. Uzito unapunguzwa na mwendo unaongezwa: kunyakua chuma kutoka chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, kuruka kutoka kwenye boksi na kuruka tena mara miguu inapogusa chini. Marudio ni machache, mapumziko ni marefu. Mwendo ukianza kuzubaa, zoezi limekwisha, hata kama kijana anasema bado ana pumzi. Hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu. Wanawachosha vijana kwa pushapu mia wakidhani jasho ndilo kipimo, na mwili uliochoka unajifunza kwenda polepole.

Ngazi ya tatu ni kurusha kwenyewe, kwa vitu vizito kidogo na vyepesi kidogo kuliko kifaa cha mashindano. Kizito kinafundisha nguvu ndani ya mwendo, chepesi kinaufundisha mkono kasi ambayo haujawahi kuiona. Tofauti isiwe kubwa: kitu kizito mno hubadilisha mwendo wenyewe, na mrushaji anaishia kujifunza mchezo mwingine.

Dumila bila jimu

Tanzania si mgeni wa mkuki. Zakayo Malekwa aliirushia nchi hii mkuki katika Olimpiki tatu mfululizo, Moscow 1980, Los Angeles 1984 na Seoul 1988. Alishika hata mkuki wa zamani kabla kitovu cha uzito hakijasogezwa mbele mwaka 1986 ili usiruke mbali kupita viwanja. Tunachokosa ni mfululizo: mara nyingi mwanafunzi hukabidhiwa mkuki wakati mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yako mlangoni, na baada yake haugusi tena.

Vifaa vya kuanzia vinapatikana Dumila. Gunia lililopunguzwa hadi kilo 30 linafaa kwa kuchuchumaa. Vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyofungwa kwenye nguzo vinalinda bega: kiwiko ubavuni, kiganja kikivuta kwenda nje, taratibu. Mpira mzito unatengenezwa kwa mpira wa miguu uliochakaa. Usiujaze mchanga mtupu, maana utafika kilo nane na kuvunja mgongo wa mtoto. Changanya vitambaa na mchanga kidogo, ushone, uweke kwenye mizani ya duka hadi usome kilo mbili. Urushwe kwa mikono miwili kutoka juu ya kichwa, mguu wa mbele umekaza.

Na kipimo kiko mfukoni. Simu nyingi sasa hupiga picha 240 kwa sekunde. Mrekodi kijana kwa ubavu, kisha hesabu picha kutoka mguu wa mbele unapogusa chini hadi mkuki unapotoka. Ukikuta 29 hivi, muda wake ni sawa na wa wakubwa. Ukikuta 50, tazama goti kabla ya kulaumu mkono.

Mwalimu wa michezo anayetafuta mrushaji asianze na mwenye kifua kipana kuliko wote darasani, wala na bingwa wa kubeba magunia. Awape wote ule mpira wa kilo mbili, kila mmoja arushe mara tatu, apime kwa futi kamba. Aliyefika mbali zaidi ndiye mwenye kasi, na akiwa mfupi asirudishwe darasani kwa sababu hiyo.