MWENYEJI, MHAMIAJI NA MLOWEZI: TAHAKIKI YA KAZI ZA PROFESA BETHWELL OGOT

Madhumuni ya makala haya si kueleza maisha ya marehemu Profesa Bethwell Allan Ogot, aliyezaliwa Gem, Nyanza, mwaka 1929 na kufariki tarehe 30 Januari 2025. Maisha yake aliyaeleza mwenyewe katika kitabu My Footprints on the Sands of Time, kilichotoka mwaka 2003, nao wanahistoria wataendelea kuyajadili. Sisi tunaoshughulika na lugha tunakusudia jambo jingine, nalo ni kuyachungua maneno ambayo kwayo mwanachuoni huyu aliwatafiti na kuwafundisha wanafunzi wake watu wawili wanaokutana katika kila ukurasa wa historia ya Kenya: yule aliyekuwapo na yule aliyekuja.

Hoja yetu ni hii. Ogot alithibitisha kwamba mwenyeji wa leo ni mhamiaji wa jana. Fundisho hilo ni la kweli, na hapana mwanahistoria wa Kenya awezaye kulikwepa. Lakini ni fundisho lenye makali pande mbili, na kwa kuwa lilitolewa kwa Kiingereza, lilikosa maneno ya kulikinga lisitumiwe na watu wenye nia mbaya. Maneno hayo yalikuwako, na bado yako, katika Dholuo, Gikuyu na Kiswahili.

I. Maneno Yenyewe

Tuanze na Kiswahili. Neno mwenyeji, ambalo hudhaniwa kuwa limetokana na mwenye mji, lina maana mbili zisizotengana. Mwenyeji ni mtu wa mahali, na pia ni yule ampokeaye mgeni. Kwa hiyo uenyeji, kwa mujibu wa lugha yetu, hauhesabiwi kwa miaka ya kuishi mahali tu. Ni wajibu pia. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakasema tena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii ya pili huchukuliwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Yaweza vilevile kusomwa kama kanuni ya uhamiaji, maana anayepewa jembe amepewa na mahali pa kulima, na anayelima ameanza safari ya kuwa mwenyeji.

Neno mlowezi nalo limetokana na kitenzi lowea, yaani kukaa mahali pageni muda mrefu hata ukapazoea. Katika asili yake halina uchungu wowote. Uchungu uliingia katika Kenya ya karne ya 20, kwa sababu walowezi wa Kizungu hawakulowea kwa kuzoea. Walilowea kwa sheria. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 iliruhusu ardhi kukodishwa kwa miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikaufikisha muda huo miaka 999. Mgeni huyu hakungoja siku ya tatu apewe jembe. Alikuja na hati, na mwenye jembe akageuzwa skwota katika shamba alilolima babu yake.

Lugha nyingine za Kenya zina msamiati uliokomaa zaidi kwa jambo hili. Katika Dholuo wako weg lowo, wenye ardhi, na wako jodak, watu waliokaribishwa kukaa katika ardhi ya wengine. Katika Gikuyu yuko muhoi, ambaye jina lake limetokana na kitenzi chenye maana ya kuomba. Naye alipewa mahali pa kulima kwa sababu aliomba. Maneno yote haya hayataji damu wala rangi ya mtu. Yanataja uhusiano wake na wale aliowakuta.

II. Kitabu cha Mwaka 1967

Sasa tutazame kazi iliyomjengea Ogot jina, yaani History of the Southern Luo, iliyochapishwa na East African Publishing House mwaka 1967. Yafaa tukumbuke hali ya elimu ilivyokuwa. Mwaka 1963 mwanahistoria Hugh Trevor-Roper wa Oxford alidai kwamba Afrika haikuwa na historia ila ile ya Wazungu waliofika huko, na kwamba yaliyosalia yalikuwa giza. Kwa wakati huo huo Ogot alikuwa akikusanya masimulizi ya wazee wa Padhola nchini Uganda na wa Nyanza nchini Kenya, akiyalinganisha, akihesabu vizazi, na kuyafanya msingi wa tasnifu aliyoiwasilisha katika Chuo Kikuu cha London. Kilichobishaniwa hapo kilikuwa kikubwa kuliko shahada ya mtu mmoja. Swali lilikuwa kama kumbukumbu ya mzee asiyejua kusoma yaweza kusimama mahakamani mwa wanachuoni kama shahidi halali. Ogot alijibu kuwa yaweza, na jibu lake limesimama.

Alichokigundua ni safari ndefu. Wajaluo walitoka sehemu za Bahr el Ghazal, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, wakapitia Pubungu karibu na Pakwach, wakaingia Nyanza kwa makundi: Joka-Jok, Jok'Owiny, Jok'Omolo, na hatimaye makundi yaliyochanganyika na Abasuba. Hawakuikuta nchi tupu. Waliwakuta watu wenye kusema lugha za Kibantu. Wengine wakapigana nao, wengine wakaoana nao, wengine wakawasukuma mbele. Ujaluo wenyewe, basi, ulitengenezwa njiani na baada ya kufika. Haukuletwa umekamilika kama mzigo uliofungwa. Huu ndio ubora mkuu wa kitabu. Mtu aliyelelewa Gem aliandika historia ya watu wake bila kudai kwamba walichipuka kutoka katika udongo wa Gem.

Hata hivyo hatuwezi kuacha kutaja upungufu. Masimulizi yametufikia kwa Kiingereza, nacho Kiingereza kimeyalainisha. Msomaji anapokuta kwamba kundi fulani lilifika mahali na kukaa, hawezi kujua mzee aliyesimulia alitumia kitenzi gani. Je, alisema walikaribishwa, au walijikaribisha? Je, waliotangulia walibaki kuwa weg lowo, au waligeuzwa jodak katika ardhi yao? Katika Dholuo hayo ni mambo mbalimbali kabisa, na haki ya watu hutegemea tofauti hiyo. Katika Kiingereza cha kitabu, yote huweza kumezwa na neno moja lenye maana ya kukaa.

Upungufu wa pili unatokana na huo wa kwanza. Historia hii inasimuliwa zaidi kwa kinywa cha waliokuja. Abasuba, ambao wazee wao husimulia kwamba nao walitoka ng'ambo ya ziwa, waliingizwa katika Ujaluo hata wengi wao wakaiacha lugha yao wakasema Dholuo. Kwa mtazamo wa Dholuo, huko ni kupokewa. Kwa mtazamo wa mzee wa Mfangano ambaye wajukuu wake hawaelewi Kisuba, huenda ni msiba. Hatusemi kwamba Ogot hakuliona jambo hili; kulitaja kundi la Luo na Abasuba ni ushahidi kwamba aliliona. Tunachosema ni kwamba mizani yake ilihitaji sauti ya upande wa pili, na sauti hiyo hukaa katika lugha ya upande wa pili.

III. Zamani na Hadith

Mwaka 1968 vilitoka vitabu viwili ambavyo vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimevisoma. Cha kwanza ni Zamani, kilichohaririwa na Ogot pamoja na J. A. Kieran. Cha pili ni Hadith, mkusanyiko wa kwanza wa makala yaliyosomwa katika mikutano ya Chama cha Historia cha Kenya. Mkusanyiko huo uliendelea kutoka kwa nambari, na Hadith ya nane ilichapishwa mwaka 1985. Majina yana mnasaba na Kiswahili, lakini ndani hamna Kiswahili. Hali hiyo yatukumbusha nyumba yenye mlango wa Lamu uliochongwa vizuri, ambayo mtu akiingia anakuta sebule ya London.

Lakini tusikomee katika kulaumu. Jina Hadith, ambalo kwa Kiswahili ni hadithi, lilichaguliwa vyema kuliko wengi walivyofahamu. Katika mazungumzo ya kila siku hadithi ni kisa, pengine cha kubuni, na mwenye kubeza huweza kusema: hizo ni hadithi tu. Katika elimu ya Kiislamu, ambako neno hili lilipata heshima yake, hadithi ni habari ya Mtume iliyopokewa kwa msururu wa wapokezi wanaojulikana kwa majina. Fulani alisikia kwa fulani, naye kwa fulani. Habari hukubaliwa au kukataliwa kwa kuchunguza uaminifu wa kila kiungo katika msururu huo. Hiyo, kwa hakika, ndiyo njia aliyoifuata Ogot alipouliza mzee huyu ni wa ukoo gani, na habari ameipata kwa nani. Waswahili walikuwa na istilahi ya kazi hiyo karne nyingi kabla ya ubishi wa London. Lau makala yale yangaliandikwa, japo kwa sehemu, katika Kiswahili, pengine elimu ya historia nchini ingalipata istilahi zake mapema, na mwalimu wa shule ya msingi asingalilazimika kubuni neno kila anapoingia darasani.

IV. Nyimbo za Mau Mau

Uhodari na kosa la Ogot hukutana katika makala yake ya mwaka 1977 kuhusu nyimbo za Mau Mau za miaka 1951 hadi 1956, yaliyochapishwa katika Kenya Historical Review. Hapa mwanahistoria aliingia shambani mwetu, shamba la fasihi simulizi. Nyimbo zile ziliimbwa kwa Gikuyu, nyingi kwa mahadhi ya nyimbo za Kikristo, na zilizungumzia ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Ogot alizisoma kwa makini, akahitimisha kwamba mashujaa wake ni wa Wagikuyu, na nchi inayoliliwa ni nchi ya Wagikuyu. Hivyo, kwa maoni yake, hazikuwa nyimbo za utaifa wa Kenya nzima. Wapinzani hawakukosekana. Mwaka 1980 Maina wa Kinyatti alitoa mkusanyiko wa nyimbo hizo, naye akaziita za kizalendo.

Kwa upande mmoja twamsifu Ogot kwa kukataa kuupaka wimbo rangi ambayo waimbaji hawakuupaka. Kwa upande mwingine, hukumu yake ina kasoro ya kifasihi. Wimbo huwa na hadhira. Aimbaye kwa Gikuyu, usiku, kati ya watu waliokula kiapo pamoja naye, huwataja mababu ambao hadhira yake inawajua. Kutomtaja babu wa jirani si lazima kuwe ni kumkana. Tukikitumia kipimo hicho hicho, kitabu cha mwaka 1967, ambacho kinawahusu Wajaluo, nacho tungekishtaki kwa ubaguzi; na hapana msomaji mwadilifu atakayekubali shtaka hilo. Neno mzalendo lenyewe lingaliweza kumwongoza mhakiki, kwa kuwa limebeba maana ya mtu wa asili ya mahali na pia ya mtu aipendaye nchi yake. Wanaoziita nyimbo hizo za kizalendo na yule anayesema zilikuwa za wenyeji wa sehemu moja tu, huenda wanatumia maana mbili za neno lile lile.

V. Makali Pande Mbili

Tumesema kwamba fundisho la uhamiaji lina makali pande mbili. Mlowezi wa Kizungu, hapa na Afrika Kusini, alipenda kudai kwamba Waafrika nao walikuja juzi, kwa hiyo hawana haki kumshinda. Baada ya uhuru, upanga ukageuzwa. Katika Bonde la Ufa, mwaka 1992 na tena mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, watu waliozaliwa na kulelewa mahali waliitwa wageni, wakaitwa hata madoadoa yanayopaswa kufutwa, nyumba zao zikachomwa. Waliofanya hivyo nao walijidai kuwa wanahistoria. Walihesabu nani alitangulia.

Tukizisoma kazi za Ogot pamoja na maneno ya lugha zetu, tunapata jibu kwa wote wawili. Swali la haki halimaliziki kwa kuuliza nani alikuja kwanza. Yatupasa tuulize mtu alikujaje: je, aliomba kama muhoi, akakaa kwa kanuni za aliowakuta, au alikuja na sheria yake akawafanya wenyeji kuwa maskwota? Kwa kipimo hicho mlowezi wa miaka 999 hawezi kujificha nyuma ya safari za Joka-Jok. Na kwa kipimo hicho hicho, mkulima aliyepewa jembe siku ya tatu, akalima miaka 40, hawezi kufukuzwa kwa kuitwa mgeni. Hata watu wenye dai la asili kuu kuliko wote hawapungukiwi kitu. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliwatambua Waogiek kuwa watu wa asili katika msitu wa Mau na kuona kwamba haki zao zilivunjwa. Dai lao halikuwa kufika mapema tu; lilikuwa pia ni uhusiano wao na msitu, ambao aliyekuja baadaye hakuuheshimu.

Kwa kumalizia, Ogot aliwafungulia wazee mlango wa chuo kikuu, wakaingia kama mashahidi. Hiyo ni kazi ya kutosha kwa mtu mmoja. Lakini waliingia wakiwa na mkalimani, na mkalimani hula sehemu ya ushahidi. Kazi iliyobaki ni yetu: kuyarudia masimulizi yaliyokusanywa, yale ya Ogot na ya wanafunzi wake, na kuyachapa katika lugha yalimosemwa, ya waliokuja na ya waliokuwapo, kando yake pawe na tafsiri ya Kiswahili na maelezo ya kila neno lenye kugusa ardhi na ugeni. Wazee waliyatamka maneno hayo kwa uangalifu, kwa kuwa walijua kwamba shamba huweza kupotea kwa neno moja.