Kistari Mahali Pake: Namna ya Kupima Maandishi ya Ufundi

Atakaye kujua kama waraka wa ufundi umetungwa na mjuzi au na mbabaishaji, na hasa nyaraka za maji na kilimo ziwafikiazo wakulima wa Kitui na Makueni kabla ya mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo kuu la Ukambani, halazimiki kuanza na hesabu wala michoro yake. Na aanze na kile kistari kiungacho maneno mawili, maana hapo ndipo hudhihirika kama mwandishi aliifikiri kazi yake kwa Kiswahili au aliinakili tu kutoka lugha ya kigeni.

Mizani ya kwanza ni upatanisho wa ngeli. Tutazame bwawa la mchanga, ambalo shirika la SASOL, lililoanza kazi Kitui miaka ya 1990, limelijenga mahali pengi pamoja na wanavijiji: ukuta hukingamishwa katika mto wa msimu, mchanga uletwao na mafuriko hujaa nyuma yake, na maji husalimika ndani ya mchanga huo, jua lisiyakaushe upesi. Mwandishi aandikaye "bwawa-mchanga" ameitupa bure "la", ambayo yatosha kuyafunga maneno hayo. Fauka ya hayo, akisema "ukuta wa bwawa mrefu", twajua kwamba urefu ni wa ukuta. Akisema "ukuta wa bwawa refu", twajua kwamba ni wa bwawa. Kiambishi kimetukata shaka bila msaada wa alama yoyote. Walakini ngeli zikiwa moja, kama katika "kisima cha kijiji kikubwa", upatanisho hauna la kusema. Na hapo dawa si kistari, bali ni kuyapanga upya maneno yawe "kisima kikubwa cha kijiji".

Mizani ya pili ni wingi. Neno lipokealo wingi mwanzoni tu, na maana yake ikawa ya kitu kimoja kisichogawika, huandikwa pamoja: kipimajoto, vipimajoto; mwanasheria, wanasheria. Yako yaliyotoka katika kanuni hii, kama mwanamke, ambalo hugeuka pande zote mbili likawa wanawake na bado likahesabiwa neno moja kwa nguvu ya mazoea. Kuandika "kipima-mvua" kwa kistari si dhambi kubwa, maadamu neno lingali geni kwa msomaji. Aibu ni kuliandika hivyo katika ukurasa wa kwanza, "kipima mvua" katika wa tatu, na "kipimamvua" katika wa tano, hata mkulima akadhani anaagizwa kununua vyombo vitatu.

Ama mahali pake halali, kistari hukaa baina ya vitu viwili vilivyo sawa kwa daraja, au baina ya mwanzo na mwisho. Barabara ya Kibwezi-Kitui yastahili kistari, kwa kuwa huanza huku Makueni na kukoma kule Kitui. Kadhalika kamusi ya Kiswahili-Kiingereza iliyotayarishwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson na kutoka mwaka 1939, ambamo kila lugha yasimama kwa miguu yake. Katika tarakimu tahadhari izidi. "Punje 2-3" humaanisha mbili hata tatu; kwa hiyo anayeagiza ndengu zipandwe kwa "sm 45-15" amemtia mkulima gizani, ilhali angeandika bayana: sm 45 kati ya mistari, na sm 15 kati ya mche na mche.

Mwisho wa mstari nao una adabu yake: neno hukatwa penye silabi, nde-ngu wala si nden-gu, ng'o-mbe wala si ng'om-be. Mashine iliyofunzwa Kiingereza haiijui adabu hii, na mhariri aiachiaye hukumu ajulikana mara moja.

Basi anayepima na avifute vistari vyote kwa kalamu, kisha asome tena. Palipobaki na maana ile ile, kistari kilikuwa pambo. Palipotatizika, na atazame kwanza kama upatanisho au mpango wa maneno ungaliweza kuondoa tatizo, na visipoweza ndipo akirudishe. Waraka uliopita mtihani huu utakuwa na vistari haba, kila kimoja na hoja yake, na fundi aliye Ikutha au Wote, ambaye hana mwandishi karibu wa kumwuliza, ataweza kuutegemea.