Wekundu wa Tofali la Mwadingusha

Vichuguu vya Katanga ni vikubwa, vingine hufika mita 8, na huku kando ya mto Lufira ndivyo machimbo ya mafundi wa matofali. Mchwa wameupandisha udongo laini kutoka chini kwa miaka mingi, mawe wakayaacha huko huko. Wayeyushaji shaba wa zamani walijengea matanuru yao udongo huu, na sioni ulio bora zaidi.

Fundi ninayemtazama huanza mvua zikikatika. Hubomoa kichuguu kwa sururu, akaumwagia udongo maji jioni na kuuacha ulale. Asubuhi anaukanyaga polepole. Mguu ukigusa kokoto au mzizi anainama kuutoa. Kalibu ya mbao inachovywa majini, inanyunyiziwa mchanga, kisha donge linatupwa ndani kwa nguvu, mara moja tu, lijaze pembe zote nne. Anakwangua juu kwa kibao, ananyanyua kalibu wima. Mkono ukienda upande, tofali linapinda. Hajapindisha hata moja tangu asubuhi.

Matofali mabichi ni ya kahawia iliyofifia. Yanakauka chini ya nyasi, jua lisiyapasue, na wekundu hauonekani popote, ingawa chanzo chake kimo ndani tayari: ni chuma kilichochanganyika na udongo. Chuma hicho huwa chekundu kikipata moto na hewa pamoja. Kikikosa hewa, tofali hutoka jeusi.

Kwa hiyo kupanga tanuru ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote. Kati ya tofali na tofali anaacha nafasi ya kidole, na kila mstari unalazwa kukingama ule wa chini. Nje anakandika kwa tope, chini anaacha midomo ya kuni.

Siku ya kwanza moto ni mdogo. Mvuke mweupe unatoka juu, na fundi hataki haraka, kwa sababu maji yakichemkia ndani, tofali hupasuka. Mvuke ukikoma ndipo anaongeza magogo ya miombo. Juu yetu zinapita nyaya za kituo cha umeme cha Mwadingusha, kilichoanza kazi 1930 kwenye maporomoko ya Lufira. Lakini tanuru hili linakula kuni. Usiku anachungulia mdomoni na kupima joto kwa macho: wekundu mzito, kisha mwangavu, kisha rangi ya chungwa. Hapo ni nyuzi 900 hivi. Kuni zikiisha kuwaka, anaziba midomo.

“Papa, tufungue?” kijana wake anauliza kesho yake.

“Bado.”

Baridi ikiwahi kuingia, matofali hufanya nyufa. Wanangoja siku kadhaa, hadi ukuta wa nje uguswe kwa kiganja bila kuunguza.

Ya katikati yametoka mekundu hadi ndani. Analivunja moja kuhakikisha, halafu anagonganisha mawili, yanalia kama kengele. Ya pembeni yamepauka. Hayo anayatenga, yapangwe katikati ya tanuru lijalo.