Helmholtz Alivyopima Mwendo wa Neva

Mwishoni mwa 1849, huko Königsberg, Prusia, profesa wa miaka 28 aitwaye Hermann von Helmholtz alipima kitu ambacho mwalimu wake, Johannes Müller, aliamini hakitapimika kamwe: mwendo wa taarifa ndani ya neva.

Alitumia msuli wa shavu la mguu wa chura, ukiwa bado umeshikana na neva yake, akautundikia uzito mdogo. Kazi ilikuwa kupata saa inayoweza kugawa sekunde vipande elfu. Basi akaufanya umeme wenyewe kuwa saa. Shoti ilipopiga neva, papo hapo mkondo mwingine ulianza kupita kwenye galvanomita, kifaa chenye mshale cha kupimia umeme. Msuli ulipojikunja na kuinua uzito, mkondo ukakatika. Kadiri ulivyodumu, ndivyo mshale ulivyosogea.

Ila muda huo ulichanganya mambo mawili: safari ndani ya neva, na kuchelewa kwa msuli kabla haujajikunja. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Alipiga shoti karibu na msuli, kisha akapiga sentimita chache mbali zaidi, akatoa muda wa kwanza katika wa pili. Msuli ni uleule, hivyo kuchelewa kwake kukajifuta. Kilichobaki, takriban sehemu mbili za elfu za sekunde, kilikuwa safari tupu ya neva. Akagawa umbali kwa muda huo, jibu likaja: mita 27 hivi kwa sekunde. Sauti hewani huenda mita 340!

Sababu ya mwendo huo mdogo ni kwamba umeme wa neva hauendi kama wa kwenye waya. Chembe za sodiamu zenye chaji hupenya utando wa neva na kuingia ndani, za potasiamu hutoka, na tukio hilo hurudiwa hatua kwa hatua. Katika neva nene zilizovikwa ala ya mafuta, mayelini, taarifa huruka hatua; kwa binadamu baadhi hufikia mita 100 kwa sekunde. Nyembamba zisizo na ala, zinazobeba maumivu ya kuchoma, huenda kama mita moja tu. Ndiyo maana ukijikwaa unajua umejigonga kabla uchungu haujakolea.

Hesabu ileile ya kutoa ingali inatumika hospitalini: mgonjwa hupigwa shoti ndogo sehemu mbili za mkono au mguu, tofauti ya muda ikaonyesha kama neva imezorota, kwa kisukari au kwa ukoma. Kama una kisukari na nyayo zimeanza kufa ganzi au kuwaka moto, usingoje kidonda. Mwambie daktari akague neva za miguu yako.