Risasi Isiyotokea Upande wa Pili

Mwindaji wa ngozi wa mashariki mwa Montana, Marekani, haendi kwanza dukani kuchagua risasi. Huanzia kwenye meza ya kuchunia. Mbele yake ipo ngozi ya koyoti iliyovuliwa nzima kama soksi, upande wa nyama ukiwa nje, naye anaipapasa kwa ncha ya kidole akitafuta vitu viwili: tundu la kuingilia na tundu la kutokea. Akilikuta la kwanza ni dogo hata macho yanalipita, na la pili asilione kabisa, anafungua daftari na kuandika umbali, upepo, jinsi mnyama alivyokuwa amesimama na aina ya risasi. Akikuta ubavu umeraruka upana wa ngumi, anaandika vilevile, tena kwa urefu zaidi. Risasi ya msimu ujao itachaguliwa kutokana na kurasa hizo.

Koyoti ni wa jamii ya mbwa, mdogo kuliko mbwamwitu. Wengi wa tambarare za kaskazini wana uzito wa kati ya kilo 10 na 16. Wakati wa baridi huota manyoya ya tabaka mbili: sufu laini inayoshika joto karibu na mwili, na juu yake nywele ndefu zinazozuia theluji. Wa Montana huwa na rangi iliyopauka inayokaribia fedha, na ndio waliotafutwa sana kwa kupamba kofia za makoti ya baridi. Sheria ya jimbo haimwekei mwindaji msimu wa koyoti, lakini mwindaji wa ngozi anajiwekea mwenyewe. Husubiri hadi Novemba inapoelekea ukingoni. Ngozi ya mapema ina upande wa ndani wenye weusi wa samawati, ishara kwamba nywele bado zinaota. Iliyokomaa ni nyeupe. Januari ikipita, msimu wa kupandana unapopamba moto, manyoya ya mabegani na makalioni huanza kusuguka, na muda mzuri unakuwa umekwisha.

Sasa tufike kwenye kiini cha kazi. Kichwa cha risasi ya koyoti ni gamba jembamba la shaba lililofunika madini laini ya risasi, mara nyingi kikiwa na ncha ya plastiki. Kikipita kwenye ngozi, ile ncha inasukumwa nyuma, gamba linapasuka, na kichwa kinasambaratika ndani ya kifua. Mnyama anakufa papo hapo. Vipande vinatakiwa viishie humohumo, kabla ya kufika ngozi ya upande wa pili. Hapo ndipo hesabu inapokuwa nyembamba. Kichwa kizito au kigumu mno kitapita na kuchana tundu kubwa kinapotoka. Chepesi mno, kikigonga mfupa wa bega, kitapasuka juujuu na kuharibu ngozi pale pale kilipoingilia, na mnyama aumie bila kufa. Mwindaji anatafuta kichwa kitakachovumilia unene wa ngozi na ubavu, kisha kishindwe kuendelea.

Wapo wanaochagua kichwa kilichovikwa shaba pote, kisichopasuka, kwa hoja kwamba kitaingia na kutoka kwa vitundu vidogo. Ni kweli kwamba mara nyingi hufanya hivyo. Lakini koyoti aliyetobolewa hivyo anaweza kukimbia mbali kabla ya kuanguka, na kichwa kikigonga mfupa kikapinduka, tundu la kutokea halitabiriki tena. Kwangu mimi hoja hiyo inatosha kukikataa: ngozi nzuri isinunuliwe kwa kifo kirefu.

Wamarekani hupima vichwa vya risasi kwa greni, na greni 15 ni karibu gramu 1. Risasi ya .17 Remington, iliyotolewa mwaka 1971, ina kichwa cha greni 25, yaani gramu 1.6 tu, na kinatoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 1,200 kwa sekunde. Tundu lake la kuingilia ni la milimita chache, na kutokea ni nadra. Udhaifu wake ni upepo, na tambarare za Montana hazikosi upepo. Kitu chepesi hivyo husukumwa kando upesi. Mtutu wake mwembamba pia hushika uchafu haraka, unataka ufito wake wa kusafishia na mkono usio na pupa. Risasi ya .22-250, ambayo mafundi waliitengeneza wenyewe kwa miongo kadhaa kabla kampuni ya Remington haijaiingiza kiwandani mwaka 1965, hufika mbali na kustahimili upepo vizuri zaidi, ila kwa koyoti aliye mita 50 nguvu zake ni nyingi mno kwa ngozi. Katikati ipo .204 Ruger ya mwaka 2004, yenye vichwa vya greni 32 hadi 40. Ile .243 Winchester, yenye asili ya kuwindia swala wa huko, mwindaji wa ngozi huiacha kabatini.

Akishachagua, kuna kazi ya mezani. Anakagua maganda ya shaba moja moja akitafuta nyufa shingoni. Anayarudishia umbo, anapachika fataki, anapima baruti kwenye mizani, anakibana kichwa kwa mashine ya mkono, kisha anapima urefu wa kila risasi kwa vernia. Mtutu nao unatazamwa. Mifereji iliyojipinda ndani yake ndiyo inayokizungusha kichwa, na mitutu mingi ya .22-250 inakizungusha mara moja kila inchi 14. Mtutu wenye mzunguko mkali zaidi, ukipewa kichwa cha gamba jembamba kwa kasi kubwa, unaweza kukisambaratisha angani kabla hakijafika. Kwa hiyo anajaribu kwenye karatasi, akisubiri mtutu upoe kati ya milio, hadi matundu yakutane mahali pamoja. Siku moja ya mazoezi haitoshi, kwa sababu baridi ya Desemba hubadilisha mwendo wa baruti. Anarudi tena theluji ikiwa imeanguka.

Porini anapuliza filimbi inayolia kama sungura aliyeumia. Koyoti huja akizunguka ili aufikie upepo na kunusa, na huo mzunguko ndio unaompa mwindaji nafasi. Anambwekea kidogo ili asimame. Akisimama kiubavu, shabaha ni nyuma ya bega, palipo mapafu. Akimtazama mwindaji, ni katikati ya kifua, kwa maana kichwa kitapita kwa urefu wa mwili na kuna nyama ya kutosha kukimaliza. Akiwa anakimbia, au bega limekinga kifua, mwindaji haachii risasi. Anamwacha aende zake. Kazi yote ya mezani inategemea kidole kinachojua kutulia.

Nyumbani damu inasafishwa kwa maji baridi. Mafuta yanaparwa juu ya gogo kwa kisu cha mikono miwili, na tundu lolote linashonwa kwa uzi wa nta upande wa ndani kabla ngozi haijakauka. Inavishwa kwenye fremu, nyama ikiwa nje, mpaka iwe kavu kiasi. Kisha inageuzwa manyoya yawe nje kabla haijakakamaa. Koyoti huuzwa hivyo.

Soko si lile la zamani. Kampuni ya Canada Goose ilitangaza mwaka 2021 kwamba itaacha kutumia manyoya, na ngozi ya koyoti ikapoteza mnunuzi mkubwa. Hata hivyo ngozi bado zinapelekwa mnadani North Bay, Ontario, na huko wakadiriaji huzipanga kwa ukubwa, rangi, ukomavu wa manyoya na madhara. Ngozi yenye mishono hushushwa daraja, hata kama mshonaji alikuwa hodari.